Albamu Ambazo Chati Haikuzihesabu

Bergen, Norway

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote. Magoti yanasemaje na baridi ya Julai? Mbaazi zimeanza kukauka shambani, au bado mnachuma mbichi? Na yule mbuzi aliyekataa kunyonyesha mapacha wake, alikubali au mmekuwa mkiwapa maziwa kwa chupa? Mdogo wangu Muthama hanijibu mambo kama haya kwenye simu. Nikimuuliza habari za nyumbani ananiambia, "Kuko poa," basi.

Naandika kwa mkono kwa sababu najua ya simu utampa yeye akusomee, naye ataruka mistari. Na naandika Kiswahili kwa sababu wewe ndiwe uliyewafundisha lugha hii nusu ya watu wa Mutomo. Ukiona kosa, chukua kalamu nyekundu.

Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, nasali, na kazi yangu naifanya vizuri. Nasema hivyo bila kuogopa, maana mwezi uliopita ilijaribiwa nikaona mwenyewe iko wapi.

Unakumbuka nilikuambia maktaba ya muziki ninayofanyia kazi ilitaka kuonyesha watu historia ya chati ya albamu ya nchi hii. Chati ni ile orodha ya kila wiki inayosema albamu gani imeuzwa zaidi. Kazi yangu ilikuwa kupanga makaratasi yake ya zamani, maboksi hadi darini. Mwaitu, ungecheka. Zamani mtu alikaa ofisini Jumatatu na simu, akapigia maduka fulani ya santuri: "Nyinyi mmeuza nini?" Mwenye duka anajibu, huyu anaandika. Wengine walijaza fomu. Nimeziona fomu ambazo mwenye duka alijaza wiki nne siku moja, kwa kalamu moja, na doa la kahawa moja limepenya zote nne. Baadaye ikaja mashine ya dukani ya kusoma ile mistari myeusi iliyo nyuma ya jalada na kuhesabu kila kinachouzwa, na wiki ile ile orodha ikageuka. Muziki uliodharauliwa ukapanda juu, kumbe watu walikuwa wanaununua siku zote na wenye maduka hawautaji. Siku hizi hata albamu yenyewe haishikiki. Wanahesabu watu wamesikiliza mara ngapi kwenye simu, kisha wanageuza hesabu ile iwe kana kwamba kuna mtu amenunua.

Sasa nikuambie kilichotokea.

Asubuhi moja aliingia bibi mmoja, mrefu, amejifunga kitambaa kichwani kama mama wa kanisa letu. Anaitwa Ragnhild. Alikuwa na santuri ameifunga kwa taulo. Akaiweka mezani kwangu, akaifungua polepole. Kwenye jalada ni yeye akiwa msichana, ameshika gitaa, nyuma yake kanisa dogo la mbao.

"Nimesikia hapa ndipo mnaandika waliouza," akasema.

Nikamtafutia kwenye orodha. Hakuwepo. Nikatafuta mwaka uliofuata, hakuwepo.

"Najua sipo," akasema. "Wajukuu wangu walishatafuta kwenye simu zao. Siku ya Krismasi nilikuwa nasimulia jinsi santuri yangu ilivyokuwa katika kila nyumba kando ya mkono wa bahari kwetu, yule mkubwa akanionyesha simu mbele ya watu wote. 'Bibi, hakuna kitu hapa.' Wakacheka. Tangu siku hiyo nikianza kusimulia, wanaangaliana."

Nikamuuliza, "Uliziuza wapi?"

"Nyumba za maombi. Baada ya ibada, mezani, karibu na kahawa. Duka gani lingechukua nyimbo za wokovu?"

Nilimwambia aniachie santuri siku chache.

Nilienda kwa mkubwa wangu, Terje. Si mtu mbaya, ila anapenda vitu vikae kwenye mstari. Akaniambia, "Mwende, haya ni maonyesho ya chati. Kama haimo kwenye chati, haimo."

"Basi tunaonyesha historia ya waliopigiwa simu," nikamwambia. "Tusiiite historia ya walionunua."

Akavua miwani. "Mkataba wako unaisha mwezi huu. Mimi ndiye nitaandika kama uongezwe. Usijitafutie shida kwa sababu ya bibi mmoja na gitaa."

Nilipomsimulia Muthama, naye akaanza: "Sasa wewe, kwani utafutwa kazi juu ya santuri ya shosho, bibi wa wenyewe? Nyamaza, sista, hiyo si vita yako." Nilimwambia kama si yangu, aniambie ni ya nani.

Jumamosi nilipanda feri hadi mji ambako jalada la santuri ile lilichapishwa; jina la mchapaji lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma. Mchapaji alishafariki, lakini binti yake alikuwa ameweka karatasi zake ghalani, kati ya nyavu na makoti ya mvua. Tulikaa sakafuni tangu asubuhi hadi miguu ikafa ganzi. Mwishowe yeye ndiye aliyepiga kelele. Alikuwa ameshika furushi la karatasi za kupelekea mzigo: majalada ya Ragnhild, yamechapishwa tena na tena majira yote ya baridi, yakapelekwa nyumba ya maombi hii, nyumba ya maombi ile. Karatasi zenye mizigo mingi zaidi zilikuwa za wiki ambazo chati ilikuwa inasifu albamu ambazo baadhi ya maduka yaliziuza chache tu. Hayo najua kwa sababu fomu zenyewe nilizipanga mimi.

Kamati ya maonyesho ilikaa Jumatano. Terje aliniruhusu niseme, nafikiri alitumaini nitashindwa. Nilitandaza karatasi za ghalani upande mmoja na fomu za maduka upande mwingine, nikawaacha wasome kwanza. Halafu nikawaambia habari zako.

Niliwaambia mama yangu aliongoza kwaya Mutomo, na mlirekodi kwa siku moja, mkisimama kila mbuzi wa jirani alipolia. Niliwaambia marehemu Baba alibeba kaseti zenu kwenye kiondo hadi Matiliku siku ya soko, na nyingine akamwachia mama wa chai pale Malili, madereva wa malori wakawa wanazinunua wakishuka Mombasa. Nikasema, harusi zetu zote nilizohudhuria nikiwa mtoto ziliimbiwa na kaseti ile. "Kama kulikuwa na chati Kenya nzima," nikawaambia, "hakuna aliyefika Mutomo kumuuliza mama yangu. Lakini mtu asiniambie haikuuzwa."

Kisha nikaomba ukuta mmoja wa maonyesho kwa albamu ambazo chati haikuzihesabu. Kulikuwa na mzee mmoja amealikwa, Arne, ambaye miaka mingi ndiye aliyekuwa akipiga zile simu za Jumatatu. Nilimwogopa yeye kuliko wote, maana nilikuwa nagusa kazi ya maisha yake. Akachukua karatasi moja, akaisogeza karibu na macho.

"Tulijua," akasema.

Terje akamgeukia. "Mlijua nini?"

"Tulijua santuri za maombi zinauzwa. Tulizisikia kwa shangazi zetu. Lakini nyumba za maombi hazikuwa na mtu wa kupokea simu Jumatatu, na fomu ilikuwa na nafasi ya jina la duka tu." Akanirudishia karatasi. "Binti, weka ukuta wako. Na uandike kwamba mimi nimesema."

Nilipata ukuta mzima, Mwaitu, ule ulio karibu na mlango.

Kabla ya kufungua nilimpigia Ragnhild, kwa sababu sikutaka kumdanganya. Nikamwambia, "Siwezi kuthibitisha kwamba ulikuwa wa kwanza. Naweza kuthibitisha tu kwamba ulistahili kuwemo."

Akacheka. "Aliyekuwa anasema wa kwanza ni marehemu mume wangu. Mimi nataka hao watoto waache kuangaliana."

Walikuja wote siku ya ufunguzi. Yule mjukuu mkubwa, kijana wa chuo, alisimama mbele ya ukuta akasoma kila karatasi, hadi maneno ya Arne. Kisha akamrudia bibi yake, akamshika mkono, akasema, "Nisamehe. Sasa anza mwanzo." Ragnhild akaketi na kuanza mwanzo, na hakuna aliyemkatiza. Mimi nilienda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Terje hakuniomba msamaha, na sikuuhitaji. Wiki iliyofuata aliniita, akaniwekea mkataba mpya mezani. Nikamwambia nitautia sahihi kwa sharti moja: nipewe miezi mitatu na mashine ya kurekodi, nije Kitui na Makueni kuongea na waliouza na walioimba, kabla hawajaisha. Akauliza, "Na wakikataa kuongea?" Nikamwambia yeye hawajui Wakamba. Akatia sahihi yeye kwanza.

Kwa hiyo nakuja Novemba. Mpe habari Muthama anitafutie pikipiki na mtu wa kuiendesha. Nisalimie shangazi Kamene wa Matiliku, na umuulize kama yule jirani yake aliyekuwa akiuza kaseti bado yuko. Msalimie mama mkwe wa Muthama, mchungaji wetu, na Mzee Salim wa dukani, aliyekuwa akituungia kanda zilizokatika kwa gundi na subira.

Nina ombi moja, na hili naomba ulifanye kabla sijafika. Kwenye jalada la ile kaseti yenu waliandika "Kwaya ya Akina Mama" peke yake. Kaa na wenzako waliobaki, uandike majina yote ishirini na mawili, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, na waliotangulia mbele za haki uwaweke kwanza. Uandike kwa ule mwandiko wako wa ubaoni. Nitaupeleka ulivyo hadi Bergen, ukae ukutani.

Muvea muno, asante sana, Mwaitu.

Ni mimi binti yako,
Mwende