Bolti Mbili na Mgongo Mmoja

Koivuvaara, Ilomantsi
2 Machi 1997

Shemeji Ensio,

Salamu nyingi kama theluji iliyolalia paa langu, na mwaka huu theluji haina adabu. U mzima? Nyonga yako bado inalia kama mlango wa zizi? Mimi sijambo. Meno matatu yangali yapo, na hakuna lililo likizo.

Nakuandikia kukujulisha kwamba bunduki yangu ya Kirusi, ile iliyotengenezwa Tula mwaka 1896, imechukua tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa bunduki za kale kule Joensuu. Majaji waliizunguka kama majogoo. Mmoja alitoa leso. Watu walipiga makofi mpaka birika la kahawa likamwagika.

Haya basi, si kweli. Kahawa ilimwagika, ila niliimwaga mimi, kwa hasira. Jaji alikuwa kijana mwenye glavu nyeupe. Akaichomoa bolti, akasoma namba yake, akasoma namba ya mtutu, akaniangalia kama daktari aliyeshika chupa ya mkojo.

"Mzee," akasema, "mtutu huu ni wa enzi ya mfalme wa Warusi, bolti ni ya wakomunisti. Umewaozesha bila kuwauliza?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nami ningecheka, kama ingekuwa bunduki ya mtu mwingine.

Wewe na mimi tunajua bolti yangu iko wapi. Imo ndani ya bunduki yako ya kiwanda cha Izhevsk, huko Kouvola, tangu ile siku ulipoondoka kwangu. Kipande cha chuma cha kukaa kiganjani, chenye mkono wa kuvutia risasi, lakini bila hicho bunduki yangu ni mzee aliyevaa meno ya jirani. Miaka kumi na moja nimeinyamazia. Sasa nimefedheheka mbele ya watu, na mtu akishafedheheka hana cha kuogopa.

Rudisha, mwizi wewe. Msalimie dada yangu Lahja.

Shemeji yako,
Onni


Kouvola
14 Machi 1997

Shemeji Onni,

Barua yako imefika. Tunashukuru kwa salamu. Mimi na Lahja ni wazima, isipokuwa nyonga, ambayo usingeitaja kama ungekuwa mtu mstaarabu.

Umeniita mwizi. Naomba ukumbuke kwamba bolti yangu ya Izhevsk, yenye namba moja na mtutu wake na mhuri wa jeshi letu, imo katika bunduki yako. Anayeshika cha mwenzake akalia ameibiwa, sijui kwenu Koivuvaara anaitwaje. Nilikupigia simu juma lile lile kukuuliza kwa upole. Ulijibu kwa maneno ambayo Lahja aliyasikia akiwa jikoni, na mashine ya kufulia ilikuwa inanguruma.

Nina habari. Tunahamia fleti karibu na binti yetu, ghorofa ya nne, hakuna pa kuweka kabati la chuma. Polisi nimeshawaambia narudisha leseni. Mjerumani mmoja, mfanyabiashara mwenye vibali vyote, atakuja siku inayofuata Vappu, yaani baada tu ya Mei Mosi, kuchukua bunduki zote. Na ile ya Izhevsk ataichukua kama ilivyo, na bolti iliyomo.

Ukikiri kwamba ulizibadilisha, kwa maandishi, nitaitoa bolti yako kabla hajafika. Mimi wa kwanza kuirudisha siwezi kuwa. Anayetanguliza kurudisha ndiye aliyeiba, kila mtu ataelewa hivyo.

Lahja anasema sisi ni viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto.

Shemeji yako,
Ensio


Koivuvaara
20 Machi 1997

Shemeji karani,

U hali gani, na nyonga yetu sote haijambo?

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, maana nilidhani imetoka serikalini. Miaka thelathini ya kugonga mihuri ya reli imekuingia kwenye damu. Siku ukifa, jeneza lako litataka tiketi.

Nikiri? Mimi? Mimi niliyeishia darasa la nne, nikaelea juu ya magogo mtoni tangu ndevu hazijaota, niibe bolti ya mkomunisti nikiwa na ya mfalme mkononi? Kuna mbweha anayeacha kuku akaiba kapu? Yangu ilikuwa na tai wa kifalme wa vichwa viwili, mdogo kama kucha ya mtoto. Uliitamani, nilikuona. Uliipapasa kama padre anavyopapasa sahani ya sadaka.

Muuzie Mjerumani. Muuzie na nyonga.

Bado shemeji yako, kwa bahati mbaya,
Onni


Koivuvaara
24 Aprili 1997

Shemeji Ensio,

Hujambo? Barafu ya ziwa imeanza kupasuka, usiku inalia kama ng'ombe. Natumaini huko Kouvola mnapata usingizi. Mimi nimeukosa, na sababu nakueleza. Kaa chini kwanza. Lahja naye akae.

Majuzi nilinunua bunduki nyingine ya aina ile ile kwa mjane wa pale Lieksa. Ilikuwa imelala ghalani ndani ya mafuta mazito ya jeshi, mbao imeyanywa mpaka imekuwa nyeusi. Nikafanya kama tunavyofanya siku zote. Nikawasha sauna, nikaitenganisha mbao na chuma, nikaisimamisha mbao ukutani itoke jasho. Na kwa kuwa moto upo, nikaona niingize na ile ya Tula, ipate joto kidogo. Bolti zote mbili nikaziweka benchi la chini ili nizisugue.

Mafuta yakatoka, nikafuta, nikasugua, nikaimba. Nikarudisha kila bolti mahali pake. Nikatoka chumba cha nje, nikavaa suruali, nikavaa miwani.

Ensio, nilikuwa nimezibadilisha.

Nikakaa kwenye gogo la kuni. Miwani! Nani anaingia na miwani sauna? Fremu inaunguza pua, vioo vinaingia ukungu, utatoka na alama kama ndama aliyepigwa chapa. Miwani inabaki nje kwenye msumari pamoja na suruali, yangu na yako, siku zote, tangu tuzeeke. Na namba zile zimechongwa ndogo kama mayai ya chawa. Nilikuwa nimezisoma kwa kidole gumba, nikajiambia, ndiyo hii. Kumbe gumba langu nalo liliishia darasa la nne.

Sasa rudi nyuma miaka kumi na moja. Sauna ile ile. Wewe na mimi, uchi, vipofu, mikono imejaa mafuta, bolti mbili kwenye benchi moja. Uliponiambia joto limekuzidi, ukaokota moja ukatoka mbio ziwani. Au niliokota mimi kwanza? Mimi nasema wewe, wewe utasema mimi, na hakuna aliyeona maana hakuna aliyekuwa na macho. Aliyebaki aliokota iliyobaki. Mwizi hakuwepo pale. Walikuwepo wazee wawili na mvuke.

Nilicheka mpaka mbwa akaja kuchungulia. Halafu nikaacha kucheka, maana nilipiga hesabu ya kahawa ambazo hatukunywa.

Basi sikiliza. Nyuma ya barua hii natuma kifurushi kwa basi la mkesha wa Vappu. Ni mkate wa kalakukko, ule wa kuokwa na samaki ndani. Lahja atajua ni mkono wa mama, ganda la nafaka ya rai, limekandwa vizuri. Lakini usiuume! Hamna samaki tumboni. Nimeuoka mtupu, nikautoboa kitako, nikaingiza bolti yako ndani, imefungwa karatasi ya nta na kitambaa, nikaziba kwa unga. Dereva wa basi ni Pasanen, anayefungua kila kifurushi cha sigara, ila mkate hagusi, ana sukari.

Nimekuwa wa kwanza kurudisha. Waelewe watakavyoelewa. Mimi na wewe hatuna tena miaka kumi na moja ya kununa, ghala limebaki na gunia moja.

Yangu unaijua ilipo. Vappu ni juma lijalo.

Shemeji yako,
Onni


Koivuvaara
9 Mei 1997

Ensio,

Mnaendeleaje? Vappu imepita. Mjerumani amepita. Tarishi wa posta hapiti, au anapita na gazeti tu.

Nimemuuliza Pasanen. Anasema mkate aliushusha Kouvola mikononi mwa mwanamke mwenye skafu ya kijani, naye aliunusa akasema, "Huyu Onni bado anatia chumvi nyingi." Basi huyo ni Lahja, hakuna mwingine.

Sijapiga simu. Nikipiga nitatukana, najijua.

Kama bolti yangu imekwenda Ujerumani, niambie tu. Nitanuna siku mbili, ya tatu nitakata kuni. Lakini usinyamaze. Kunyamaza tumeshakunyamazia vya kutosha, hata kuku wangu wamezoea.

Nyonga je?

Onni


Kouvola
19 Mei 1997

Shemeji Onni,

Salamu kutoka ghorofa ya nne. Lahja ni mzima. Mimi nilikuwa hospitali, wamenitengeneza nyonga mpya ya chuma, na bado sijui kuikalia vizuri. Ndiyo sababu ya ukimya, na si nyingine. Lahja alitaka kukuandikia, nikamkataza. Jambo hili ni la kuandikwa na mimi.

Mkate ulifika mchana wa mkesha wa Vappu. Barua yako ilichelewa, ikafika siku mbili baadaye. Kwa hiyo onyo lako la kutouma nililisoma nikiwa nimeshauma. Meno ya juu ya bandia yamevunjika katikati.

Lahja alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilipoitoa ile karatasi ya nta na kuisoma namba, nikiwa na miwani, nikiwa pia bila meno, niliisoma tena kuanzia mwanzo. Barua ilikuwa haijafika, kwa hiyo sikujua habari ya sauna. Nilichojua ni kwamba umekuwa wa kwanza. Nikamwambia Lahja, "Kaka yako amekiri." Akaniambia, "Hajakiri kitu, mjinga wewe, amekukumbuka." Basi.

Mjerumani alikuja. Nilikuwa nimeshaitoa bolti ya Tula na kuirudishia Izhevsk bolti yake. Alipoiona imekamilika, namba kwa namba, aliishika kwa mikono miwili na kuongeza bei kabla sijafungua mdomo. Nikafunga mdomo, kwa sababu ya meno, yeye akadhani nasita, akaongeza tena. Nikamwambia hiyo haiuzwi. Alichukua zilizobaki zote.

Sasa nina bunduki moja isiyo na mahali na leseni inayokwisha mwezi Agosti. Nimeuliza polisi. Wewe una kibali cha mkusanyaji na kabati la chuma lililokaguliwa. Ukiomba kuandikishiwa Izhevsk, watakubali. Fomu naiambatisha, nimeijaza mimi, wewe weka sahihi tu mahali nilipochora msalaba. Nimeiona hati yako, usijaribu kuandika kingine chochote.

Nitazileta zote mbili mwenyewe, bunduki na bolti yako ya mfalme, wakati wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, kama kitanda cha wageni bado kipo. Lahja anakuja kuhakikisha kwamba kila mmoja ameingia sauna na bolti yake. Yeye ana macho mazuri. Atasimama mlangoni atupokee chuma kabla hatujavua miwani.

Nimesoma barua yako ya sauna mara kadhaa. Aliyeokota kwanza ni wewe.

Shemeji yako,
Ensio


Koivuvaara
26 Mei 1997

Shemeji Ensio wa chuma,

Ehe, pole na nyonga, pole na meno, na hongera kwa vyote viwili, maana sasa wewe mwenyewe ni mtambo wa vipande visivyo na namba moja. Yule jaji wa Joensuu angekukataa mlangoni. Mimi sijambo kabisa. Kuku hawajambo. Mbwa anakungoja, ingawa hakujui, nimemsimulia mabaya yako yote na amependezwa.

Fomu nimeweka sahihi kwenye msalaba. Polisi wa wilaya alikuja kuangalia kabati, akanywa kahawa, akasema liko imara kuliko benki. Ndani yake Tula nimeisogeza kushoto ili Izhevsk ipate nafasi. Watasimama pamoja, mfalme na mkomunisti, kila mmoja na meno yake, na wakigombana usiku shauri yao.

Kitanda cha wageni kipo. Godoro ni jipya, limejaa majani makavu ya mwaka jana. Viazi vipya vitakuwa vimefika ukubwa wa yai la njiwa, samaki nitavua asubuhi ile ile, na mkate safari hii utakuwa na samaki ndani, naapa, ila wewe uguse kwanza kwa uma.

Mwambie Lahja skafu ya kijani asiiache. Na chumvi nitapunguza. Kidogo.

Habari ya nani aliokota kwanza nimekuachia. Jumba zima la hoja ni lako, hamia na familia. Lakini kuna jambo moja dogo sikubali lipotee. Siku ile, kabla hujasema joto limekuzidi, mimi nilikuwa nimeshakusugua mgongo. Nilikusugua vizuri, kwa sabuni ya lami na fagio la majani ya mti wa betula, mpaka ukaguna kama nguruwe aliyepata jua. Ukasema, "Zamu yako sasa, geuka." Nikageuka. Nikasikia mlango.

Miaka kumi na moja, Ensio, nimegeuka. Kuna sehemu katikati ya mabega ambayo mkono wangu haufiki, na huyu mbwa hana vidole.

Ukija, kabla ya kahawa, kabla ya kufungua bunduki, vua miwani uingie unisugue mgongo.

Shemeji yako,
Onni