Mwanamke Aliyenikatiza Kwenye Kanda

Mama Akinyi mpenzi,

Nakusalimu kutoka mtaa wa Ziwani, huku mjini. Baridi ya Julai imenikaza vidole, na baada ya kupiga katika kumbi zote hizi mgongo wangu umekataa kuinuka kwenye kigoda.

Jana tulirekodi kanda mpya. Nilifungiwa mimi na nyuzi nane za nyatiti yangu katika chumba chenye magodoro ukutani, nikaambiwa niimbe mfululizo. Nikashindwa. Wajua wimbo wetu huishi pale msikilizaji anapousimamisha ili ajisifu na kuwataja watu wake. Mara tatu nilinyamaza katikati, nikitega sikio nisikie sauti yako kutoka jikoni, kama kule nyumbani.

Ndipo mama anayewapikia chai wanamuziki pale akafungua mlango. "Simamisha hapo, ndugu yangu. Mimi ni nyar Alego, binti wa huko Alego, mtoto wa mfinyanzi wa vyungu, na mama hajaniona miaka sita."

Nikaimba sifa za huyo mama yake mpaka chai ikapoa. Fundi wa mitambo alitaka kuifuta sauti ya yule mpika chai. Nikamwambia akiifuta, afute na yangu.

Wabusu watoto. Na ukisikia mwanamke upande wa pili wa kanda, usininunie. Nilikuwa nakungoja wewe, akaingia yeye.

Wako,
Baba Akinyi