Mama Mkwe Kizimbani

Nakuru, Jumanne, Juni 1955

Ameachiliwa. Naliandika tena nilione vizuri: ameachiliwa.

Mama mkwe alishtakiwa kuiba gunia la pareto kwa mzungu wa Bahati. Hakuiba, lakini alikusudia kumwambia hakimu "nimekosa", kwa sababu kwetu ukiitwa na wazee unaanza kwa kuwatuliza, halafu ndipo unajieleza. Kizimbani ukishasema hivyo, hakuna halafu.

Hilo nililisoma katika kitabu cha sheria za Amerika alichoniachia mmishenari. Hakimu wetu ni Mwingereza, lakini kwa hili Waingereza na Waamerika wamekubaliana: anayeshtaki ndiye athibitishe.

Shida ni kwamba mimi na mama mkwe hatusemeshani, kwa heshima. Basi jana jioni nilimfundisha sheria kupitia mke wangu, nikiwa nimeugeukia ukuta.

"Rebeka, mwambie mama aseme 'sikuiba', kisha anyamaze."

Mama, hatua mbili nyuma yangu: "Rebeka, muulize mumeo, si nitaonekana nina kiburi?"

"Mke wangu, mwambie aonekane tu."

Leo alisema "sikuiba" kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nyapara wa shamba, shahidi wa mashtaka, alipoulizwa, alikiri kwamba aliona gunia, ila aliyelibeba hakumwona.

Tulipotoka nje, mama alikuja akasimama mbele yangu kabisa.

"Asante, mwanangu."

Nilitazama chini, kama inavyopasa. Ilinifaa pia kwa sababu ya machozi. Nikamwambia Rebeka amwambie mama twende nyumbani, lakini mama akaanza kutembea bila kungoja mkalimani.