Kipande cha nne cha "Ya Jumanne"

Jumamosi, saa kumi na nusu jioni. Buhembe.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla saa nne asubuhi. Sasa kuna jua jepesi, na matope yamefika hadi mlangoni. Tata amelala kwenye kochi sebuleni kwa sababu godoro la chumbani bado limesimamishwa ukutani. Mimi nimekaa jikoni na kompyuta hii, nimechoka kuliko siku ya kusahihisha mitihani.

Nisipoandika leo, kesho nitaanza kujidanganya kuhusu kilichotokea.

Tata ni baba yangu. Ana miaka sabini na minane na anaishi Muleba, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Wanaomwona leo akipalilia hawawezi kujua kwamba ujanani alikuwa mpiga solo wa bendi moja hapa Bukoba, na kwamba watu walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka vijijini kuja kumsikia. Alitunga nyimbo nyingi. Moja haikuwa na maneno wala jina. Aliileta mazoezini siku ya Jumanne, wenzake wakaiita "Ya Jumanne", basi ikabaki hivyo. Bendi ilipokwenda Dar kurekodi, nyimbo sita zilichukuliwa. Hiyo haikuchukuliwa.

Nimekua nikiisikia kupitia ukutani. Ina vipande vinne. Cha nne ndicho kilichokuwa kinaniamsha.

Miaka miwili iliyopita, mchana wa Krismasi, Tata alichukua gitaa langu kavu akaipiga yote, mwanzo hadi mwisho, huku sisi tukimenya ndizi. Simu yangu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Friji lilikuwa linanguruma, watoto wa kaka yangu walikuwa wanapiga kelele, nikajiambia kwamba sauti haitakuwa nzuri. Nikajiambia nitanunua maiki ya maana, nitamleta kwangu, nitamrekodi ipasavyo, kwa gitaa la umeme na kwa ile amplifaya yake ya zamani.

Hili sijawahi kumwambia mtu.

Amplifaya yenyewe ni ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kwa rangi ya chungwa. Ni nzito kama gunia la kahawa. Kaka yangu Deo, aliyeko Mwanza, alishanieleza kwamba siku hizi unachomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha unachagua sauti unayotaka. Nilimfikishia Tata maneno hayo. Akaniangalia kwa huruma. "Sauti yangu imo humo ndani," akasema, akiigonga amplifaya kwa kiganja. Bishano likaishia hapo.

Nilimleta Alhamisi. Ijumaa yote niliimalizia kwenye mambo ya umeme. Mchana, mafundi wa kuchomelea wa mtaa wa chini wakiwa kazini, umeme unakuwa mdogo, valvu zinafifia na gitaa linatoka kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Nikaazima stabilaiza kwa jirani. Umeme ukatulia, ukaja mngurumo. Nilibadilisha waya, nikazima friji, nikazima taa zote. Bado. Saa tisa alasiri ndipo nilipogundua kwamba ukichomoa chaja ya kompyuta na kuiacha itumie betri, nusu ya mngurumo inaondoka. Nusu iliyobaki ilikuwa inaingia kwenye gitaa lenyewe. Nikamgeuza Tata pamoja na kiti chake, taratibu, hadi alipoelekea dirishani. Kimya. Tata akacheka, akasema tangu azaliwe hajawahi kugeuzwa kama redio inayotafuta stesheni.

Niliikalisha amplifaya chumbani, nikaizungushia godoro na mablanketi, maiki nikaiweka kiganja kimoja kutoka kwenye spika, pembeni kidogo ya katikati ili isiwe kali. Tata akapiga noti moja tu. Nilisimama nimeshika kitasa cha mlango. Ile sauti nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, sikuwa nimeisikia tangu nikiwa darasa la tano.

Nilikwenda kulala nikiamini kwamba nimemaliza kazi ngumu.

Leo asubuhi tulisubiri mvua, maana bati likipigwa vile hata maiki ya mfalme haitakusaidia. Ilipokatika nikawasha amplifaya, tukaiacha ipate moto huku tukinywa chai. Umeme ulikuwa mzuri. Mkono wa kulia wa Tata huwa unatetemeka, na ndio niliokuwa nauogopa, lakini ulipogusa nyuzi ukatulia. Kila kitu kilikuwa sawa. Nasema kweli, kila kitu.

Akapiga kipande cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, vizuri kuliko Krismasi ile. Kisha akanyanyua mkono, akautua juu ya goti.

"Tata, endelea," nikamwambia.

"Niendelee wapi? Imeisha."

"Haijaisha. Kuna kipande cha nne."

Aliniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mgeni ambaye hutaki kumwaibisha. "Basi niimbie, mwana wange."

Nikamwimbia. Nilianza kwa kujiamini, nikafika noti ya sita au ya saba, nikagundua kwamba nilichonacho kichwani ni mwanzo wake tu na ile furaha iliyofuata. Mengine hayapo. Miaka yote nilidhani naujua wimbo huu. Kumbe nilikuwa nakumbuka kuusikia.

"Sivyo," Tata akasema.

"Ni vipi basi?"

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, vidole vikiwa juu ya nyuzi bila kuzibonyeza. "Sijui," akasema. "Ila sivyo."

Tulirudia mara nne. Kila mara alifika mlangoni mwa kipande cha nne, akashusha mkono. Mara ya tatu aliniuliza wimbo huu ni wa nani. Niliinama nikajifanya narekebisha waya ulioko sakafuni.

Daktari alitueleza mwaka jana. Alisema kumbukumbu zitaanza kuondoka, zile za karibuni kwanza. Nililishika hilo neno "karibuni" nikalifanya ngao. Nilijiambia wimbo ni wa zamani, wimbo hauwezi kuguswa. Nikawa nashughulikia mikono yake na umeme wangu.

Nikampigia simu Mzee Klaudi wa Nyanga. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ile ile, na sasa wamebaki wawili tu. Hakuuliza maswali. Baada ya nusu saa alishuka kwenye bodaboda, suruali imejaa matope hadi magotini, koti la ibada limefungwa vifungo vyote. Yeye na Tata walisalimiana kwa Kihaya, salamu ndefu ya watu wazima, kila mmoja akimwulizia mwenzake ng'ombe ambao hawapo tena.

Nilimvuta jikoni nikamweleza. Nikamwomba anipigie kipande cha nne hata kwa mdomo.

"Koku, bojo," akasema kwa kunibembeleza, "mimi nilikuwa nashikilia chini tu. Ya juu yalikuwa yake. Na kila wiki alikuwa anayageuza kidogo makusudi, ili atuchekeshe. Hapo utaniambia nikuimbie ya wiki gani?"

Lakini alisema akipiga ridhimu huenda Simeo akavutika. Simeo ndiye Tata. Nikampa gitaa langu kavu, nikamwekea maiki ya pili. Wakakaa wakitazamana, magoti karibu kugusana. Nikabonyeza kurekodi, nikatoka nje ya chumba kwa sababu nilikuwa napumua kwa sauti.

Nilisimama koridoni. Walipiga cha kwanza, na nikasikia kitu ambacho Tata peke yake hakuwa nacho asubuhi nzima, ile namna ya kuchelewa kidogo kisha kumfikia mwenzake. Cha pili. Cha tatu. Nilifumba macho. Ridhimu ikapinda kuingia kipande cha nne, nikajua hasa mahali Tata anapotakiwa kupanda.

Hakupanda.

Mzee Klaudi aliendelea. Alipiga mzunguko wote wa kipande cha nne, peke yake, kwa nguvu ile ile, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango wazi. Alipomaliza akaurudia. Ndipo akasimama.

"Nilidhani ataingia," akaniambia nilipofungua mlango. Alikuwa analiangalia gitaa, hakuniangalia mimi. Tata alikuwa anatabasamu, anamsifu kwamba mkono wake haujazeeka.

Mzee Klaudi hakukaa kula. Alisema ana kikao cha wazee wa usharika. Sidhani kama kilikuwepo.

Nilimtumia Deo rekodi. Akajibu baada ya dakika chache: "Dada, si na wewe unapiga gitaa? Jaza hapo. Gitaa lile lile, amplifaya ile ile. Nani atajua?"

Nakiri kwamba nilijaribu. Tata akiwa uani anaangalia mgomba wangu mmoja na kuukosoa, nilikaa kwenye kiti chake, nikavaa hedifoni, nikaiacha ridhimu ya Mzee Klaudi ipite, nikaingia mahali pale. Nilipiga noti chache nilizokuwa nimezikumbuka, nikaongeza zangu mbili.

Zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonitisha. Amplifaya ilinipa sauti yake bila kuuliza mimi ni nani. Mtu yeyote angeamini. Mimi mwenyewe, baada ya mwaka mmoja, ningeamini kwamba wimbo ulikuwa unakwenda hivyo. Nikazima, nikafuta, nikaenda kuwatoa miba samaki wa mchana.

Tulikula ndizi na sato. Tata alikula vizuri. Baada ya kunawa alisema anataka kusikiliza "ile kazi". Sikutaka. Nilitafuta sababu, nikasema betri imeisha, kisha nikaona haya kumdanganya mtu asiyeweza kunikamata. Nikamvalisha hedifoni, nikamkalisha hapa hapa jikoni nilipokaa sasa.

Nilibaki nimesimama nyuma ya kompyuta, nikiangalia mstari ukitembea kwenye kioo ili nijue amefika wapi. Kipande cha kwanza, anatikisa kichwa. Cha pili. Cha tatu, amefumba macho. Nikaona mstari unaingia mahali penye pengo, pale ambapo juu hakuna mtu, nikajiandaa kumwona akishtuka.

Hakushtuka. Mkono wake wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi, ukapanda juu ya meza. Vidole vikaanza kukimbia kwenye ukingo wa mbao, vikibonyeza, vikiruka, vikirudi, bila kusita hata mara moja, vikifika juu kabisa kisha vikishuka kwa ngazi. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliye katikati ya ukumbi uliojaa. Mzunguko wa kwanza wote. Mzunguko wa pili wote. Na kwenye ule wa pili alibadilisha kitu, kwa sababu alicheka.

Nilijaribu kufuatisha vidole. Nilitaka kuvikariri, hiki hapa, hiki pale. Vilinishinda. Juu ya mbao hakuna nyuzi, hakuna alama. Sikusikia kitu chochote isipokuwa kucha zake zikigonga meza. Simu ilikuwa mfukoni mwangu tena, na nilipoikumbuka alikuwa ameshavua hedifoni.

"Tata, hapo mwisho umesikia nini?"

Akanishangaa kidogo. "Wimbo," akasema. "Umerekodi vizuri. Hauna kelele." Kisha akainuka, akaenda kwenye kochi, akalala.

Nimelihifadhi faili kama lilivyo, na pengo lake. Kesho tukitoka kanisani nitampeleka Muleba, maana ameshauliza mara mbili ni nani anayemfungia mbuzi. Sitaweka noti zangu pale, na Deo nitamwambia asiweke zake.

Sijui kama huo ni uamuzi, au ni kushindwa ambako nimekutafutia jina zuri.