Kumbukumbu ya Koleta Clemence Mgonja, Aliyeijenga Upya Pikipiki ya Ndungu

Mwaka umetimia Jumanne hii tangu ulipotutoka, Koleta. Ulikuwa na miaka ishirini na saba. Uliumwa siku nne, homa ya uti wa mgongo, na Ijumaa tukakupandisha Myamba kukuzika. Naanza na hilo kwa sababu wapo waliosema msibani, wakinywa chai yetu, kwamba pikipiki ndiyo iliyokuua. Pikipiki haikukugusa. Wafute kauli.

Baba yako alitaka tangazo hili liwe fupi: alikuwa mpole, mchapakazi, mcha Mungu. Nimemwambia hayo huandikwa kwa kila mtu, hata kwa wale tuliowajua vizuri. Kwa hiyo naandika mimi, mama yako.

Hukuwa mpole. Ulikuwa mkaidi tangu ukiwa unanyonya. Ulikula umesimama, ulipiga mluzi ndani ya nyumba hata bibi yako akikukataza, na ukikosea ulikiri haraka ili uendelee na shughuli zako. Lakini huruma ulikuwa nayo, na ilikuwa ya vitendo. Kwenye duka lako la dawa za mifugo hapa Same walikuja wafugaji kutoka tambarare, wengi hawasomi. Ulichukua kalamu ya wino mzito ukachora kwenye chupa: ndama mstari mmoja, mtamba mistari miwili, ng'ombe mkubwa mitatu. Mimi ni afisa ugani mwaka wa ishirini na sita, nina stashahada yangu, na sikuwahi kufikiria jambo hilo. Mpaka leo kina mama wa Kimaasai wanafika pale wakimuulizia yule wa mistari.

Sasa pikipiki.

Uliinunua kwenye mnada wa vyombo chakavu, kwa bei ya mbuzi wawili. Ilipofika uani niliitambua kabla hujashuka kwenye gari la mizigo la Eliezeri. Lile kovu la kwenye tangi nililitia mimi, nilipoanguka nayo kwenye mfereji wa mpunga Ndungu. Ilikuwa pikipiki yangu ya kazi miaka tisa. Wewe ulikaa mbele yangu juu ya tangi, mikono yako kwenye usukani katikati ya mikono yangu, tukipanda Myamba kwa bibi kila Jumamosi. Ukisinzia, kichwa chako kiligonga kidevu changu.

Nilifurahi, Koleta. Nilidhani umeninunulia mimi.

"Utaipaka rangi yake ileile?" nikakuuliza.

"Mama, hii haiendi tena barabarani. Naifanya ya uwanjani."

Ukanieleza kwamba kuna kundi la Moshi linalokodi uwanja wa zamani wa ndege kwenye shamba la mkonge, Jumapili moja kila miezi mitatu. Wanapanga matairi kuwa kona, wanachora mistari kwa chokaa, halafu kila mtu anakimbiza chombo chake kadiri anavyoweza. Hakuna bodaboda, hakuna ng'ombe, hakuna trafiki.

"Kwa hiyo ni mashindano."

"Si mashindano. Ni kujipima."

"Unajipima na nani?"

"Na saa."

Siku hiyohiyo ukaanza kuichojoa. Ukang'oa keria niliyofungia magunia ya mbegu. Ukang'oa madigadi, taa, indiketa, sanduku la spana. Ulisema uzito ni adui. Mimi niliangalia lile rundo na kuona kwamba vyote ulivyoviondoa ndivyo vilivyonifaa mimi.

Ukafungua injini kwenye kibaraza cha jikoni kwangu. Nilivumilia wiki sita. Kisha nikarudi kutoka Ndungu Alhamisi moja nikakuta jiko la kuni linawaka, na ndani ya sufuria kubwa kuliko yote kuna kitu kinachemka ambacho si chakula.

"Hii nini?"

"Ganda la injini, mama. Beringi hazitoki mpaka alumini ipate moto. Nililisafisha kwanza."

"Hilo ni sufuria la jumuiya."

"Ndilo lililotosha."

Mtunza vyombo wa jumuiya yetu ya kanisa nilikuwa mimi. Jumamosi ilikuwa kipaimara cha mdogo wako Blessing, na pilau ingepikwa humo. Nilisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa limau. Padre aliisifu pilau. Mwenyekiti wetu alinusa kijiko, akakiweka chini, akaomba soda. Wageni walipoondoka nilikwambia, mbele ya baba yako, "Toa takataka hii kwangu. Ipeleke inakofaa."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yako ulinitii palepale. Eliezeri akaja na gari, mkapakia fremu, ndoo za bolti na lile ganda, mkapeleka kwa Husna.

Nilifikiri utarudi baada ya wiki moja unibembeleze. Ulikwenda huko kila Jumamosi, miezi kumi na minne.

Kwa wasiomjua, Husna binti Omari, mama yake Rashidi, ni fundi wa pikipiki, nyuma ya soko. Mumewe alipofariki alishika spana zake na hakuziachia. Bodaboda wote wa Same wanamjua. Ni rika langu. Anavaa dera na juu yake aproni ya turubai, na ana sheria zake: kila kinachofunguliwa kinalazwa kwenye mkeka kwa mpangilio kilivyotoka, Ijumaa hakuna kazi, na anayevunja bolti ndiye anayechemsha chai. Ulisema mwezi wa kwanza ulichemsha chai kama muuza chai.

Nimesema vibaya hapo. Hayo hukuniambia mimi, ulimwambia baba yako. Mimi nilikuwa chumba cha pili.

Mkarudisha sehemu za kukanyagia nyuma na juu, mkazichomelea upya. Usukani mkaushusha mpaka ukawa unalala kifuani ukiendesha. Bolti ya oili ukaifunga kwa waya isije ikalegea na kumwaga oili njiani wengine wakateleza. Bomba la kupumulia injini ukaliingiza kwenye chupa tupu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, kutoka dukani kwako, nalo ni kwa ajili hiyohiyo ya oili. Uliponieleza mezani nilijifanya sisikilizi. Nilisikiliza. Ndiyo maana najua.

Lakini kila Jumamosi ulirudi umeshiba.

"Nimekuwekea makande."

"Nimekula kwa Mama Husna. Maharage ya nazi."

"Makande hayapendi kungoja."

"Kesho, mama."

Makande hayo niliyala mimi, kesho na kesho kutwa.

Na jina lake nilikuwa nalifuatilia. Mwanzoni alikuwa Fundi Husna. Baada ya miezi mitatu, Mama Husna. Najua sisi huwaita wanawake wote wa makamo mama, hata muuza nyanya. Lakini siku moja nilikusikia jikoni ukiongea kwenye simu, "Sawa mama, nakuja." Nikaitikia kutoka sebuleni, "Uje wapi, mimi nipo hapa." Ukafunga mlango wa jikoni taratibu. Hukucheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

Siku ya uwanjani ulinialika mara tatu.

"Nina ukaguzi wa mpunga Ndungu."

"Jumapili, mama?"

"Mpunga haujui Jumapili."

Sikwenda Ndungu. Nilikaa nyumbani nikafua mapazia yaliyokuwa safi. Husna ndiye aliyekwenda. Husna ndiye aliyeshika saa. Ulirudi jioni mwekundu kwa vumbi, sauti imekauka, ukasimama mlangoni ukasema, "Mama, dakika moja na sekunde arobaini na mbili. Kwa pikipiki yako."

Nikasema, "Vua viatu nje."

Hayo ndiyo niliyosema. Miezi miwili baadaye uliumwa. Sikukuona ukiiendesha hata mara moja.

Msibani Husna alikaa na wanawake siku tatu akakata vitunguu. Nilimpa mkono kama nilivyompa kila mtu. Hatukuonana tena mpaka wiki tatu zilizopita alipokuja nyumbani, amevaa vizuri, akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Mama Koleta, nasikia mnatoa kumbukumbu ya mwaka."

"Tunatoa."

"Naomba jina langu liwemo kwenye wanaomkumbuka."

"Hapo huandikwa familia."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kuomba, sikuja kudai."

"Familia ni damu, Mama Rashidi."

Akatazama picha yako ukutani. Akamaliza maji yake, akasema, "Haya. Mbaki salama," akaondoka. Baba yako alinitazama nikamwambia asinitazame.

Sikulala vizuri, na asubuhi hasira ilikuwa bado mbichi. Nikamwita Eliezeri na gari lake. Niliamua kuichukua pikipiki, iliyobaki kwa Husna. Mtu aliyekuwa na Jumamosi zako zote, na saa yako, na siku yako ile, sasa alitaka na nafasi kwenye karatasi yetu. Angalau chuma kiwe changu.

Ilikuwa imesimama kwenye kivuli cha bati, imefutwa. Sikuwahi kuiona imekamilika. Ilikuwa ndogo, imeinama mbele kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Nikasema, "Nimekuja kuchukua cha mwanangu."

"Chukua," akasema Husna. Akafuta mikono. "Ulinishinda akiwa hai, nishinde na sasa."

"Nilikushinda wapi? Alikula kwako. Alicheka kwako. Nyumbani alikuja kulala."

"Alicheka kwangu." Akavuta kigoda akakaa, akanitazama kwa jicho ambalo sikulitegemea. "Mama Koleta, miezi kumi na minne nimesikia 'mama yangu' mpaka masikio yakaota sugu. Nikimwambia kaza hivi, 'Mama yangu hukaza hivi.' Nikimwambia shusha gia kabla ya kona, 'Najua, nilijifunzia kona za Myamba, nilikuwa nimeshika usukani na mama.' Nikipika, 'Tamu, ila mama makande yake.' Nina wavulana wawili, wako Dar, hawaijui hata spana namba kumi. Nikasema Mungu kaniletea binti uzeeni. Kumbe kaniletea binti wa mtu, anisomee sifa za mama yake kila Jumamosi. Nilikuchukia wewe kabla sijakuona uso."

"Hakuniambia."

"Ungemfungulia mlango angekwambia."

Eliezeri akakohoa. "Mama zangu, tunapakia au hatupakii? Nimeacha gari linawaka."

"Lizime," nikamwambia.

Nikakaa juu ya debe. Nikamwambia Husna anisimulie Jumapili ile tangu mlipotoka Same, asiruke kitu. Alisimulia karibu saa nzima. Alisema mzunguko wa kwanza ulikwenda kama unabeba mayai. Wa nne uliteleza kwenye kona ya matairi, ukaanguka, ukainuka, ukaangalia pikipiki kabla ya kuangalia goti. Wa saba ndio wa arobaini na mbili. Alisema kulikuwa na vijana wenye pikipiki kubwa waliokupita kwenye njia ndefu, nawe ukawapita wote kwenye kona, kila mzunguko, mpaka mmoja akaja kuuliza ulijifunzia wapi kukata kona. Ukamwambia, "Kwa mama."

Nikamuuliza Husna alijuaje ni mimi uliyemtaja. Akasema, "Nilikuwa nimesimama karibu. Nilitamani niwe mimi. Sikuwa mimi."

Alisema hivyo mwenyewe, bila kulazimishwa. Mimi sina hakika kama ningeweza.

Pikipiki tumeiacha kwake. Kwangu ingefunikwa shuka ikawa samani. Kwake inawashwa kila Jumamosi, na Blessing ameanza kwenda kuangalia. Eliezeri alirudi na gari tupu akinung'unika njia nzima.

Koleta, usidhani nimepona. Nina wivu. Nilikuwa nao uliporudi umeshiba, na ninao sasa ninapoandika, kwa sababu yule mwanamke alikuona ukipita mara kumi na mbili na mimi nimesimuliwa tu. Hilo halitarekebishika. Mlango niliufunga mimi, kwa ajili ya sufuria. Sufuria lenyewe jumuiya imeshanunua jipya.

Misa ya mwaka itakuwa Myamba Jumamosi, saa nne asubuhi. Atakayekuja aje na sweta.

Wanaokukumbuka ni mimi mama yako, Jenifer. Baba yako, Clemence. Mdogo wako, Blessing. Bibi yako, Tumainieli wa Myamba. Na mama yako mlezi, Husna binti Omari wa Same. Baba yako aliniuliza tuandike nini mbele ya jina lake, fundi, jirani, au rafiki wa familia. Niliandika hilo ulilosoma, nikalifuta, nikaliandika tena. Sijalipenda. Ni kweli, basi.

Siku zote tutakukumbuka, sote niliotutaja, na kwa mpangilio huohuo: mimi kwanza.