Vibuyu Walivyokunyang'anya

Mpendwa Mama,

Leo asubuhi nimesafisha kibuyu chako, kile chenye shanga shingoni, na hasira zimenipanda upya. Wewe unanijua, mimi sina dogo.

Kabianga nzima hakukuwa na maziwa ya kibuyu kama yako. Watu hawakupanga harusi kabla ya kumtuma mtu kwako. Ulikuwa unatia kaa la moto la mti wa senetwet ndani ya kibuyu ili maziwa yanukie, unasugua kwa ufito, moshi unatoka, wewe unaimba. Pumu ilipokuja, Shangazi, dada yake Baba, akavibeba vibuyu vyote. "Moshi utakuua, mke wa ndugu yangu. Wewe kaa tu." Baba akaitikia. Hata kuchuma chai wakakukataza, eti umande.

Sikatai, moshi ulikuwa mbaya kwa kifua chako. Lakini kukaa tu? Wewe?

Ukaanza kulala mchana kutwa. Ukaacha kanisa, ukaacha kusuka nywele, vidonge ukavificha chini ya godoro. "Nipumue nifanye nini?" uliniuliza. Na kifua hakikupona, ng'o! Ukihuzunika tu, kinabana na kupiga filimbi. Daktari wa dispensari alikipima mbele na nyuma, lakini kilichokuwa moyoni hakukuuliza hata siku moja. Nyumbani wakasema unadeka.

Unakumbuka siku ile Shangazi alipoenda sokoni Kericho? Nilichukua kibuyu hiki nyumbani kwake, nikakuweka uani penye upepo, nikakufunga leso puani. Nikaanza kusugua, ukaninyang'anya. "Weh! Unasugua kama mtu anayefukuza kuku!" Ulicheka, Mama. Jioni ulimaliza ugali wote, ukalala bila kukohoa.

Kesho yake Shangazi aliona masizi mikononi mwako. Alipiga kelele mpaka majirani wakajaa, eti mimi nataka kumuua mama yangu. Baba alitazama chini. Wewe ukarudi kitandani, ukageukia ukuta, na vidonge hukutaka tena hata kuviona. Mvua kubwa zilipoanza, pumu ikakubana mara moja tu, nawe hukupigana nayo.

Kwenye mazishi yako Shangazi akasimama, akasema, "Tulimtunza kama yai." Kama yai! Yai nalo likiwekwa tu, si huwa viza? Wakagawa maziwa ya kibuyu aliyoyatengeneza yeye. Yangu niliyamwaga chini, na sijaomba msamaha mpaka leo.

Sasa kifua changu nacho kinabana wakati wa baridi. Vidonge nameza, leso najifunga, nasugua vibuyu vyangu nje penye upepo. Jana mume wangu akaniambia kwa upole, "Mama Chebet, vibuyu hivyo si tumpe dada yangu, wewe upumzike?"

Nilimwangalia mpaka akachukua kofia yake, akatoka.

Pumzika wewe, Mama, kwa kuwa walikulazimisha. Mimi sikai.

Ni mimi binti yako, mfukuza kuku.