Sahihi Chini ya "Nice"

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa neno la Kiingereza "nice", niliandalie maelezo ya toleo jipya la kamusi yetu. Nikacheka — kineno gani hiki! Kufikia saa kumi vikaratasi vya maana zake vimefunika meza yangu yote. Mahali pazuri. Mtu mpole. Chakula kitamu. Tofauti ndogo sana kati ya vitu viwili. Na asili yake? Kilatini: asiyejua kitu. Mjinga! Baadaye mwoga, kisha mtu wa kuchaguachagua, kisha makini, ndipo likafika kwenye uzuri. Limehama nyumba nyingi kuliko mimi. Nimelipenda.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Toleo letu la zamani linasema neno limetokana na jina la mji fulani wa Ulaya unaoandikwa vivyo hivyo. Aliyeandika? Mzee, mhariri mkuu wetu, enzi za ujana wake. Nimempelekea vitabu vitatu, kurasa nimezikunja pembe. Hakufungua hata kimoja. Eti miaka thelathini watu wanasoma na hakuna aliyelalamika. Eti mwanangu, punguza ujuaji, mkataba wako unaisha mwezi huu.
Mwanangu! Nina miaka arobaini na moja.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeandika asili ya kweli. Basi.

Jumatatu, 10 Machi
Kurasa zimerudi kutoka kwa mpanga kurasa. Mji umo! Nimemfuata mbio. Akainamisha kichwa: dada, nisamehe, nimeagizwa na Mzee.
Kwetu ukurasa hauendi kiwandani kuchapwa mpaka aliyeuandaa asaini chini, kisha mhariri mkuu. Sheria ya Mzee mwenyewe hiyo. Leo anataka jina langu chini ya kosa lake. Thubutu!
Mama kasema nisaini tu, kazi zenyewe ziko wapi siku hizi. Nimemjibu vibaya, na naona aibu. Lakini sisaini.

Jumanne, 11 Machi
Ofisini. Naandika haya papo hapo. Gari la kiwanda linanguruma nje, linasubiri ukurasa huu mmoja tu. Mzee yuko mbele ya meza yangu. Kasema taratibu, tusaidiane. Nimeukata ule mji kwa wino mwekundu, nikaandika Kilatini juu yake, ndipo nikasaini. Nikamsogezea na kalamu.
Ameishika. Hajaandika. Kaniuliza kama najua ninachokifanya. Najua, Mzee.
Dereva anapiga honi. Mzee kavuta kiti, kaketi. Kalamu bado mkononi. Kwa mkono mwingine anafungua kitabu cha kwanza kati ya vile vitatu alivyonirudishia, pale pale nilipokunja —